Asante Unapeleka Mwenyewe

Hapana, hajakufa. Najua hujaniuliza, lakini umeangalia hiyo picha ya sisi wawili na kofia za kaboi, kisha ukaangalia hapa kwangu ukaona niko peke yangu, ukameza mate. Kila mtu anameza hayo mate. Dada yangu yuko Nkoroi kwa nyumba ya kijana yake, anakula, analala, anajifulia nguo. Ni kuimba tu hataki kusikia. Ukiwasha redio anatoka nje, anasema anaenda kuangalia kuku. Na kuku hana.

Sasa keti nikwambie, kabla hujaniambia pole.

Tulikuwa tunaimba kantri, zile nyimbo za kaboi za Kizungu. Wanawake wawili wazee, viatu za ngozi, gita moja. Jumapili watu wakitoka kanisa sisi tuko Kitengela, nyuma ya bucha moja karibu na soko ya ng'ombe, chini ya hema. Wakati mwingine tunaitwa Kajiado, ama Kiserian, na mara chache mpaka Magadi, kule jua inakupika mpaka unaiva upande zote mbili. Dada ndiye mkubwa, na ndiye alisoma. Mimi niliachiwa mbuzi. Redio ikiimba, yeye anashika maneno, mimi nashika sauti. Kizungu mpaka leo sijui. Natoa tu vile inasikika. Kuna wimbo moja nililia nayo miaka mingi, machozi ya ukweli, siku moja nikamuuliza, "Kwani huyu mwanaume analilia nani hivi?" Akasema, "Farasi." Nilikasirika! Machozi yote hayo, na mimi nikifikiria ni mama yake.

Lakini mtu akiongea mbele yangu mara moja, huyo nimemchukua. Dada akiwa anakaza nyuzi za gita, mimi nachezea watu kidogo. Nawatolea sauti ya chifu. Nawatolea pasta akiitisha sadaka: "Bwana asifiwe! Huo mkono umeshika simu, hebu ushike mfuko!" Watu wanaanguka. Halafu dada anaanza kuimba, na wanatulia, hata yule wa kukata nyama anaweka kisu chini. Hiyo ilikuwa kazi yake. Yangu ilikuwa sauti ya chini, ya kushikilia, kama mtu anashikilia ngazi mwenzake akipanda.

Kisha koo yake ikaota kitu, ikabidi hiyo kitu ikatwe. Daktari alikuwa kijana mdogo na viatu za kukimbia. Akamwita kama nyanya yake: "Shosho, kuongea utaongea, hiyo iko sawa. Kuimba, sahau." Alisema kama mtu anakwambia kesho stima itapotea. Dada akamwambia asante. Huyo ndiye dada yangu, ukimkanyaga mguu yeye ndiye anasema asante.

Wakati amelala huko hospitali, mafans walikuja kumwona. Saa ya kuona wagonjwa ilikuwa imepita, askari akakataa. "Hapa si soko! Rudini kesho!" Sasa unajua walifanya nini? Walizunguka nyuma, wakasimama chini ya dirisha, wakamwimbia nyimbo zake. Wachimba mawe wa Kiserian, wamama wa kuuza maharagwe, wale vijana wa kuosha magari, na mzee mmoja Mmaasai wa kuuza ng'ombe, ambaye hakuwahi kukosa Jumapili hata moja. Waliimba vibaya, Mungu awasamehe. Kizungu walivunjavunja hata mimi nikajua imevunjika. Dada alikuwa na bomba kwa pua, na machozi yakimwingia kwa masikio.

Alipotoka, sauti ilikuwa kama mlango ya choo ikifunguliwa polepole. Nilimwambia hivyo, akacheka mpaka akakohoa. Tulijua imeisha. Lakini kulikuwa na sherehe Magadi, ya wafanyikazi wa kiwanda ya magadi, tulikuwa tumeikubali kitambo, na dada hakuwa mtu wa kuvunja neno. Tukaenda. Akapiga gita, akafungua mdomo, hakuna kitu ilitoka. Mimi sikufikiria. Nilishusha kofia kwa macho nikamtoa. Nilimtoa dada yangu vile nilikuwa natoa chifu. Aligeuka akaniangalia, kisha akarudi kwa maiki akaanza kufuata na mdomo, bila sauti. Wale watu walipiga makofi mpaka vumbi ya magadi ikatoka kwa mikono yao.

Tukirudi nyumbani akaniambia, "Mwizi wewe. Miaka yote hii umenificha wapi?"

"Hapa chini, karibu na ugali."

Tukacheka. Basi ikawa hivyo. Maiki yake tunazima, mdomo unaenda, mimi nimeinamisha kofia naimba. Watu wakasema, Mungu ni mkubwa, amepona kabisa. Na ile sauti yangu ya chini sasa haikuwa na mtu wa kuitoa, maana siwezi kuwa watu wawili mara moja. Hakuna mtu aliiulizia. Mmoja tu, mama wa maharagwe, alinishika mkono akanong'ona: "Pole mama. Na wewe siku hizi koo inakusumbua?" Nikamwambia ndiyo, inasumbua. Nilienda nyuma ya hema nikajaribu kuiita hiyo sauti, nisikie kama bado iko. Ilikuja na sauti ya dada. Nikajaribu tena, ikaja ya chifu.

Lakini dada alikuwa na kitu inamkula. Siku moja akatoa wimbo. Ilikuwa ya Kiswahili, ya kushukuru mafans, na alikuwa ameitunga kichwani akiwa kwa kile kitanda. Alitaka kuimba yeye.

Nikamwambia, "Nipe niitoe. Itatoka tamu, na sauti yako, hakuna mtu atajua."

"Hapana."

"Dada, jogoo akichinjwa anaimba kukushinda."

Hakucheka. Akaniambia, "Mwari wa maitu." Akiniita hivyo, mtoto wa mama yangu, najua mchezo umeisha. "Pole unaweza kutuma na mtu. Salamu unaweza kutuma. Asante unapeleka mwenyewe. Wale watu waliniimbia na sauti zao mbaya. Mimi nitawarudishia na sauti ya kuazima?"

Alifanya mazoezi kwa chumba cha kulala, amekunywa tangawizi, mlango amefunga, na mimi niko jikoni namenya viazi na kila neno linanikwaruza. Aliniapisha nisimsaidie. Alisema hata nikisikia anazama, ninyamaze.

Jumapili ikafika, Kitengela. Alitaka aanze na hiyo moja kwa moja. Mwenye bucha akakataa. "Mama, changamsha watu kwanza, nyama haijaiva! Shukrani ni ya mwisho, si hata kwa harusi ni hivyo?" Basi tukaanza na zile wanapenda. Nikamtoa dada vizuri, sijui kama niliwahi kumtoa vizuri hivyo. Watu walikuwa wamesimama juu ya viti. Na mimi chini ya kofia najiambia, punguza, wewe mwanamke, unamharibia. Na siwezi. Nikimtoa nusu si watajua?

Kisha akasimama. Hakuwa anasimama siku hizo. Akawasha maiki yake mwenyewe, ikalia pwaa, akaanza.

"Asante wenye mawe wa Kiserian, mikono yenu imepasuka na bado mnanipigia makofi..."

Halafu mtu akacheka kule nyuma. Walifikiri ni mchezo! Walikuwa wamezoea kwetu kunaigizwa watu. Kijana mmoja wa kuosha magari akaita, "Shosho, huyo ni nani? Ni chifu akiwa na homa?" Hema yote ikapasuka. Hawakuwa na ubaya, mimi niliwaona, walikuwa wanacheka na mapenzi, wanangoja amalize kichekesho ndio aimbe. Na yeye akaendelea. Akashukuru wamama wa maharagwe, wakacheka wakishikana mabega. Akashukuru waliosimama chini ya dirisha. Shingo ilikuwa imetoka mishipa. Nilijiuma ulimi, kwa sababu nilikuwa nimeapa.

Ikabaki mstari ya yule mzee wa ng'ombe. Alikuwa anakaa kwa nguzo ya mwisho, shuka yake begani. Kila Jumapili lazima aje mbele amsalimie dada peke yake: "Takwenya, yeyo." Yeyo ni mama kwao. Na dada anamjibu kwa Kimaasai, "Iko." Sasa mstari yake ilikuwa inaenda juu, na dada aliitunga juu makusudi, ya heshima. Alipofika hapo kikohozi ikamshika. Akakohoa, akakohoa, watu wakicheka. Akajaribu tena, haikutoka. Akaniangalia. Kisha akanyosha mkono, akaniwekea maiki yake hapa kwa mdomo, akatingisha kichwa, kama kusema malizia basi.

Nikamalizia. Ningetoa gani nyingine? Ilitoka ile yake, ya zamani, tamu, nzima, ikampata mzee pale kwa nguzo. Na dada amesimama mdomo umefungwa, kila mtu anauona.

Kicheko ikakatika. Mzee akainuka, akaja polepole mpaka mbele, akavua kofia. Hakuwa na hasira. Aliongea na heshima yote ile alikuwa nayo kila Jumapili, tena akamsogezea dada kiti na mkono wake.

"Yeyo," akamwambia, akinionyesha mimi kwa kofia, "wewe keti. Wacha mwenye sauti aimbe."