Gego Bovu la Kisimani

Jina la Mama Meno hakupewa kwa mapenzi. Wenzake wa maabara walimbandika kwa kuwa miaka kumi na sita alisaga meno ya maiti wasiojulikana, na saa ya chakula hakuna aliyekubali kukaa naye meza moja.

Mifupa ilipofukuliwa kwenye kisima cha zamani, iliharibika yote isipokuwa gego moja, nalo limetoboka hadi katikati. Mkuu wa maabara alilisukuma kwa ncha ya kalamu.

"Tupa. Hilo limeoza."

"Limeoza kichwa, mzee. Mzizi bado mzima."

"Unanifundisha kazi?"

"Nakwambia nilichokiona."

Mkuu alimnunia, akamnyima msaidizi. Mama Meno naye akatia ukaidi: akakwangua uozo wote, akakata mzizi, akausaga ukawa unga. Mara ya kwanza hakuambulia kitu. Mara ya pili, kwa unga kidogo uliosalia, vinasaba vikatoka. Haba, lakini vya binadamu.

Kisima kilikuwa nyuma ya nyumba ya mwanamume ambaye mdogo wake alipotea miaka tisa nyuma. Watu wote aliwaambia mdogo wake kaenda ng'ambo. Polisi walipomleta mama yao atolewe mate ya kulinganisha, yule kaka alisimama mlangoni.

"Mama mgonjwa. Mwacheni apumzike."

"Nitapumzika nikijua," bikizee akasema, akafumbua kinywa.

Majibu yakalingana. Mwenye gego alikuwa kitinda mimba wake. Kifungua mimba akatiwa pingu, na siku ya tatu akakiri: waligombania nyumba, akampiga kwa beleshi.

Mkuu alitia saini yake kwenye ripoti, jina la Mama Meno halikuonekana popote. Hilo Mama Meno alilimeza. Lililomkwama kooni ni bikizee, aliyekuja kuchukua mifupa.

"Ni wewe uliyesaga lile jino?"

"Ni mimi, mama. Pole sana."

"Nilikuwa na wawili. Mmoja nikimngoja, mwingine akinilisha. Sasa umeniachia nani?"

"Nimekuachia wa kumzika, mama."

"Usiniite mama."

Akabonyeza dole gumba kwenye fomu, akakumbatia sanduku, akatoka. Mama Meno alinyoosha mkono amsaidie kufungua mlango. Bikizee aliusukuma mkono huo kwa kiwiko, akaufungua mlango mwenyewe kwa bega.