Mkato wa Sikio

Siku Naitoi alipoiona kwa mara ya kwanza maktaba isiyo na rafu, alikuwa na fagio mkononi na mwanawe Nemayian mgongoni. Mzee Ponsiano, mkutubi wa chuo cha ualimu pale Old Korogwe, alibonyeza kitu, kioo cha kompyuta kikajaa majina ya vitabu.

"Viko wapi, Mzee?"

"Vingine Ulaya, vingine Afrika Kusini. Hata mimi sijui, mama."

Naitoi akainama kutazama nyuma ya kompyuta. Kulikuwa na waya mmoja na vumbi. Akalifuta lile vumbi polepole, kwa adabu, kama anayepangusa kizingiti cha wakubwa.

Ilikuwa miaka ile vitu vipya vilipokuwa vikiingia kila kukicha: simu za mkononi, redio za watu binafsi, na kule Chanika, mjini Handeni, Shabbir alikuwa ameweka kompyuta tatu za intaneti pembeni ya duka la vitambaa la baba yake. Naitoi alizaliwa nyika za Handeni, kwa wafugaji, akasoma mpaka darasa la saba, basi. Lakini mwandiko wake ulikuwa mzuri. Mzee Ponsiano alipouona akamwambia fagio liishie saa nne. Baada ya hapo anakili orodha za makala ya kusomwa na wanafunzi.

Orodha hizo ndizo zilizoleta kizaazaa. Chuo kilikuwa na darasa la Jumamosi huko Handeni, la walimu wa shule za msingi wanaojiendeleza. Mmoja wao alikuwa Metito, kaka yake Naitoi. Mkufunzi wao, Mwalimu Semboja, Msambaa, aliwachagulia makala kutoka ile maktaba ya mtandaoni. Naitoi alinakili anwani za makala hayo, karatasi ikapelekwa, walimu wakaenda kwa Shabbir wakaziandika herufi kwa herufi. Hakuna iliyofunguka. Wakapelekewa karatasi nyingine. Nayo ikawa vilevile.

Jumatatu Semboja akaingia maktaba na uso umekunjamana.

"Mkuu wa chuo amesema Jumamosi hii ndiyo ya mwisho. Zisipofunguka, darasa la Handeni linafungwa, wote waje kusomea hapa Korogwe."

Naitoi akaacha kuandika. Metito alikwishamwambia: mifugo aliyoacha marehemu baba iko mikononi mwake, Korogwe kila wiki hawezi. Darasa likifungwa, kusoma kwake kumekwisha.

"Au Mama Nemayian anakosea kunakili?" Semboja akatania. "Wamasai na herufi, wapi na wapi!"

"Kama Msambaa na ng'ombe," Naitoi akajibu bila kuinua macho. Mzee Ponsiano akacheka mpaka miwani ikamshuka puani.

Hata hivyo neno lile lilimchoma. Semboja alipotoka, akatafuta makala ya kwanza, akanakili mstari ulioandikwa juu kabisa ya kioo. Akafunga. Alipomaliza kumnyonyesha mtoto akayatafuta tena, akanakili tena. Akaziweka karatasi mbili sambamba, akazitazama kwa muda mrefu.

"Mzee, njoo uone. Ng'ombe ni yuleyule, nyayo zimebadilika."

"Nyayo gani tena?"

"Huu mstari wa juu. Ni njia tuliyopita leo mpaka kumfikia, kesho upepo umeshaifuta. Kwetu humtambulishi ng'ombe kwa nyayo. Unasema sikio lake limekatwa vipi. Ndama akishakatwa sikio, auzwe, aibwe, azeekee Kiteto, mkato ni uleule. Haya makala hayana mkato?"

Mzee Ponsiano akasogeza uso kwenye kioo, akateremka nao ukurasa mzima. Chini kabisa, kwa herufi ndogo, palikuwa na mstari mfupi: anwani ya kudumu. Akavua miwani.

"Miaka miwili naupita huu mstari," akasema taratibu.

Akaijaribu anwani ile, makala yakafunguka. "Tayari!"

"Bado, Mzee. Wewe uko ndani ya chuo. Mbwa wa boma habwekei watu wa boma."

Mzee akamtazama, halafu akachukua simu, akampigia Shabbir na kumsomea ile anwani. Sauti ya Shabbir ikasikika chumba kizima: "Mzee, inaniuliza mimi ni nani! Niseme Shabbir wa vitenge?"

Hapo mkutubi akajipiga paji la uso. Chuo kilikuwa na lango lake mtandaoni, kipande cha anwani kinachotangulizwa mbele, ambapo mwanafunzi aliye mbali hutaja jina na neno la siri ndipo aruhusiwe kuingia. Kwa makala yote saba ya orodha ile Naitoi akaandika lango kwanza, kisha mkato. Akakagua mara tatu.

Jumamosi hakumpa mtu ile karatasi. Aliipeleka mwenyewe. Metito aliandika kwa kidole kimoja, walimu wenzake wamemzunguka, Shabbir akiwa na futi yake ya kupimia vitambaa shingoni. Jina. Neno la siri. Kioo kikawa cheupe, kikakaa hivyo. Kisha maneno yakaanza kuteremka, mstari baada ya mstari, mpaka ukurasa ukajaa.

"Yamekuja," akanong'ona mwalimu mmoja, kama anayeogopa kuyafukuza.

Metito akagusa kioo kwa ncha ya kidole. "Naitoi, yalikuwa yamekaa wapi?"

"Hata Mzee hajui, kaka."

Darasa la Handeni halikufungwa. Jumatatu Semboja, ambaye Mzee alikwishamsimulia habari ya mkato, alileta orodha ya muhula unaofuata, akaipita meza ya mkutubi, akaiweka mbele ya Naitoi.

"Mama Nemayian," akasema, kichwa ameinamisha kidogo, "nikatie hawa masikio."

Naitoi akaivuta karatasi. Alianza na makala ya kwanza, akayafungua, na kabla ya kunakili akakaa akiyatazama yakiteremka kutoka huko yalikokuwa.