Maharamia wa Ploti Yetu

Ziwa Naivasha lilipofurika na kuingia Karagita, ploti yetu ya vyumba vya kupanga ilijaa maji hadi kiunoni, nasi tukahamia chumba kingine upande wa juu wa barabara. Mama, aliyekuwa akikata maua kwenye shamba la karibu, alituambia tutarudi maji yakishuka. Mimi na dada yangu mdogo tulimwamini kabisa, tukaapa kuilinda nyumba. Shuleni tulikuwa tumesikia habari za maharamia wa baharini, tukaona kazi hiyo inatufaa. Meli yetu ilikuwa nusu ya tangi jeusi la maji. Mama angejua tunapiga makasia penye viboko, angetuchuna ngozi.

Jumamosi moja tulimkuta baharia tusiyemjua amefunga mashua yake kwenye kamba yetu ya kuanika nguo. Alikuwa amesimama ndani ya maji na koti lake la suti, akifungua mlango wetu kwa bisbisi.

Dada yangu akamwelekezea mwiko. "Toka kwa nyumba yetu."

"Yenu?" akauliza bila hasira. "Mimi ndio mwenye hii ploti."

Mwenye ploti hatukuwahi kumwona. Tulizoea kutishwa naye tu tukichora kuta. Sasa mwizi alikuwa nani, yeye au sisi?

"Tunarudi maji ikishuka," nikamwambia.

"Hii maji haishuki, boss. Hebu shika hapo, mlango usizame."

Nikashika. Hata leo sielewi kwa nini nilitii. Alikuwa amezitoa bawaba, na pia komeo kwenye fremu, kwa hivyo mlango uliingia mashuani na kufuli ya Mama ikining'inia, bado imefungwa. Akatushukuru, akatuonya kuhusu viboko, akaenda zake. Nilimchukia, kisha nikamwonea huruma kwa lile koti lililolowa, na sikujua nibaki na lipi.

Jioni Mama alikuwa akimenya viazi.

"Mlipita pale kwetu?" akauliza.

"Tulipita."

"Kufuli bado iko?"

"Iko."

"Imefungwa?"

Dada yangu alinitazama. Nilifikiria swali hilo kwa makini, kwa sababu sikutaka kumdanganya.

"Imefungwa," nikasema.

"Basi hapa tusizoee sana," akasema Mama, akachukua kiazi kingine.