Rubisi Iliyochacha Kibarazani

Harufu ya rubisi iliyochacha inanipandisha hasira hadi leo. Wengine pombe hiyo ya ndizi huwakumbusha harusi. Mimi hunikumbusha mtungi mmoja uliokaa kwenye kibaraza chetu Murukulazo, umefunikwa majani ya mgomba, nzi wakiuzunguka, nasi watoto tumekatazwa hata kuusogeza. Wazazi wa Ezekieli, kijana aliyependana na dada yangu Velediana, walikuwa wameuleta kumposa. Kwetu, baba wa binti akivuta mrija kwenye pombe ya posa, amekubali. Asipotaka, hasemi neno. Anaiacha ichache mbele ya macho ya watu mpaka wenyewe waifuate kwa aibu. Baba hakuugusa mrija. Kosa la Ezekieli lilikuwa kwamba ndugu zake walibaki huku baada ya kambi ya wakimbizi ya Lukole kufungwa. Kihangaza chetu na Kirundi chao vinaelewana bila mkalimani, lakini baba aliwaita "watu wa kambi", kana kwamba turubai ndilo lililowazaa.

Jumapili hiyo, mtungi ukiwa bado kibarazani, vijana wa kigango, kanisa letu dogo la kijijini, waliigiza hadithi ya zamani ya kijana na binti wa koo zinazochukiana, wanaopendana kwa siri na kuishia kufa wote wawili. Baada ya igizo ukafuata mdahalo: je, wale walipendana kweli au ilikuwa tamaa ya ujana? Baba, mzee wa kigango, ndiye aliyewekwa kuwa jaji. Velediana alisimama kwa ghadhabu.

"Mnawachunguza marehemu kama walipendana," alisema. "Mbona hamwaulizi wazazi wao walichukiana kwa nini?"

Vijana walipiga makofi. Baba alikohoa, akatoa hukumu: tamaa tu, kwa sababu mapenzi ya kweli husubiri ruhusa ya wazazi. Nilikuwa darasa la sita, na nilimchukia pale pale, mbele ya kanisa.

Kesho yake mama yake Ezekieli alikuja kuchukua mtungi. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba mwanangu kwa upole ambao hatukuustahili, akajitwisha mtungi na kushuka bondeni huku pombe ile chungu ikimwagikia kitenge chake. Mavuno yalipokwisha, baba alivuta mrija wa mtu mwingine, na dada akaolewa Bisibo, kule Biharamulo. Hakutoroka, hakunywa sumu. Alifunga mizigo yake bila kumtazama yeyote.

Siku hizi posa huja na kreti za soda, na vijana wamekwisha kumalizana kwenye simu kabla wazee hawajapata habari. Nafurahi. Baba amezeeka, anaishi kwangu, na mimi ndiye ninayempikia. Juzi Velediana alikuja kumwona. Alimpa shikamoo, akapokea marahaba, akaangalia barabara mpaka gari lake lilipofika. Alipoondoka tu, baba akatabasamu kama aliyeshinda kesi.

"Umeona? Yule wa kambi hakumfia. Ilikuwa tamaa."

"Kwa hiyo, baba, ulikuwa unasubiri maiti ndipo uamini?"

Alinyoosha mkono nimsogezee bakuli la uji. Nililiacha pale pale kibarazani, mbele ya macho yake, lipoe.