Filamu ambayo Bi Khatija hakuimaliza

Saa nne asubuhi, Khatija Shaukat amekaa kwenye chumba cha nyuma cha duka lake mjini Kilindoni, macho kwenye televisheni. Mbele anauza khanga na sabuni, huku nyuma anaazimisha filamu, shilingi mia tano kwa siku mbili. Inayocheza sasa ni filamu bubu ya zamani, ya mwokaji mikate na mkewe. Ni ya kuchekesha, lakini Khatija hacheki.

"Usipande," anamwambia mwokaji. "Usipande hiyo mashua!"

Mwokaji anapanda. Mashua inarudi tupu.

Nakala ya filamu hiyohiyo aliipeleka jana kwa Mwanaheri, mjane anayekaa eda mtaa wa pili. Mumewe, Ghalib, alizama karibu na Ras Mkumbi miezi mitatu iliyopita.

Khatija, mwenye miaka hamsini na minane, ana diski zaidi ya mia tatu. Nyingi za kale ameachiwa na wageni wanaokuja kupiga mbizi kwenye hifadhi ya bahari. Hata kwao, anasema, watu wamezisahau. Wenye eda huwapelekea bure, na huwachagulia zile bubu ili jirani asisikie akapata la kusema. Wapo wanaonuna kwamba eda si wakati wa sinema. Yeye huwajibu kwamba miezi minne na siku kumi ni mingi mno kwa mtu kutazama ukuta.

Sharti lake ni moja: filamu haitoki dukani kabla hajaitazama yote. "Lazima nijue nani anakufa, na anakufaje," anasema. Hii ya jana, umeme ulimkatikia katikati, mwokaji na mkewe bado wanarushiana unga. Akajiambia, hii salama.

Anafunga duka haraka. Njiani hasemi ila "Ya Rabi, Ya Rabi." Tangu msiba Mwanaheri hajalia wala hali vizuri, na Khatija anaogopa kwamba pigo jingine litammaliza.

Anabisha hodi. Anabisha tena kwa nguvu. Mlango unafunguka.

"Shikamoo, Bi Khatija."

"Marahaba, mwanangu. Ile filamu..."

"Nimeitazama mara mbili."

Anakaa palepale mlangoni. "Nisamehe. Sikuimaliza, wallahi."

"Wanaokuja hapa bahari hawaitaji," Mwanaheri anasema. "Hata jina la Ghalib wanalimeza. Yule mke wa mwokaji kasimama pwani, kafungua kinywa, sauti haitoki. Nikalia, Bi Khatija. Nimelia mpaka kifua kinauma." Anajifuta uso kwa ushungi. "Lakini wamekatia hapo. Kesho yake aliamkaje? Niletee inayoonyesha kesho yake."

Khatija akaahidi. Wiki imepita, naye bado anapekua diski zake. Ametazama filamu kumi na saba zenye wajane, na zote zinaishia makaburini, dirishani au ufukweni. Amewaandikia wageni wake wawili wa zamani wamtafutie huko kwao. Hawajajibu.

Eda ya Mwanaheri imebakiza siku thelathini na moja. Baada ya hapo atatoka, na bahari iko mwisho wa mtaa.

"Naogopa siku hiyo itafika sijaipata," Khatija anasema. "Mimi pia nilifiwa na mume, mwaka wa tisa huu. Mwanaheri kaniuliza niliamkaje kesho yake. Sikumbuki." Anaweka diski nyingine. "Nisipoipata, asubuhi hiyo nitamgongea mlango, tutoke wote."