Chatu Wawili na Taa Moja

Elinipendo, yaani Mama Ezra, ni jirani yangu hapa Marangu tangu alipoolewa. Kati ya kihamba chake, yaani shamba la nyumbani, na changu kuna mstari wa mimea ya masale tu. Namwandika kwa sababu wapo wanaomwita Mama Nyoka kwa dharau, na mimi sipendi. Amefuga ng'ombe miaka thelathini. Ng'ombe wake akigoma kula, hakimbilii daktari. Anachukua kigoda, anakaa mlangoni mwa zizi, anaangalia mpaka ajue.

Ndiyo maana Wilbert, mwenzetu wa hapa kijijini, alipojenga banda la kuonyesha nyoka kando ya barabara wanayoshukia wageni wa mlimani, alimfuata yeye. Wanaume watatu walikuwa wameshakimbia kazi hiyo. Mama Ezra akasema, "Kinachokula na kunywa nitakitunza."

Mwanzoni alikuwepo chatu mmoja, jike mkubwa. Sasa huku kwetu mnyama wa kufugwa hakai peke yake. Ng'ombe akiwa mmoja zizini analia na kuchagua majani. Mletee mwenzake, watashindania hori na wote watanenepa. Kwa hiyo kila aliyepita bandani alimhurumia yule chatu. Epifania wa kwaya alikuwa akisema, "Hata kama ni nyoka, jamani! Kukaa mwenyewe hivyo?" Wilbert akaomba kibali, akapewa wa pili, dume mdogo aliyekamatwa kwenye mashamba ya miwa kule tambarare.

Siku hiyo hiyo wakalala kona moja, mmoja juu ya mwingine. Watu wakapiga vigelegele, wageni wakapiga picha, na Wilbert akawa anawatambulisha kama bwana na bibi.

Mama Ezra hakupiga kigelegele. Siku ya kuwalisha aliwatenga kwanza, maana wote wawili wakimshika panya yule yule, mmoja anaweza kummeza mwenzake. Jike akala. Dume akageuza kichwa. Wiki ya tatu hivyo, ya tano hivyo, ya saba hivyo. Ilikuwa Julai, ukungu hauondoki mpaka saa sita, na uti wa mgongo wa yule dume ukaanza kuchomoza.

"Huyu atakufa," aliniambia tukikata majani.

"Amekosa nini, na mwenzake anaye?"

"Ndicho ninachotaka kujua."

Kesho yake asubuhi akabeba kigoda chake mpaka mbele ya kioo cha banda. Mimi nikamfuata na chupa ya chai. Juu ya kona wanayolala ilining'inia taa ya joto, moja tu. Akaihamishia kona ya pili. Hatujamaliza chai, jike akajikokota, akajilaza chini yake. Dume akaja nyuma, akapapasa huku na huku, akakosa nafasi, akampanda mwenzake mgongoni. Jike akajinyoosha kidogo tu, dume akaporomoka kwenye saruji ya baridi. Akapanda tena.

"Umeona? Hawakumbatiani hawa, wanagombania moto, na nyoka mwenye baridi hawezi kula. Nilikuwa na mtamba wa hivyo. Alisimama horini siku nzima wenzake wakimsukuma, na jioni tumbo tupu."

Akamhamishia dume kwenye kizimba cha pembeni, akamtundikia taa yake na kumwekea gogo lenye tundu la kujifichia. Mchana Wilbert akarudi kutoka Moshi.

"Mama Ezra! Nani kakutuma uvunje ndoa ya watu?"

"Ndoa gani, baba? Umewahi kuona huyu jike anamwachia mwenzake hata mahali pa kulala?"

"Umemfungia peke yake kama mhalifu. Na akifa huko?"

"Akifa nitaondoka mwenyewe, usihangaike kunifukuza. Nipe wiki mbili."

"Wiki mbili. Akifa, usirudi hapa."

Siku ya nne Mama Ezra alimpa panya, dume hakumtazama. Epifania akapita, akasema, "Si nilisema? Upweke unamuua."

"Basi njoo ulale naye wewe," Mama Ezra akamjibu.

Siku ya tisa macho ya dume yakawa na ukungu kama maziwa, na ya kumi na tatu akavua gamba lake zima, halikukatika hata mahali pamoja. Kesho yake, siku ya mwisho, Mama Ezra akashusha panya kwa koleo refu. Dume akatoa ulimi, akatulia sana, halafu hata sikuona alivyoruka. Wilbert alikuwa nyuma yetu. Mkia wa panya ulipopotea, akauliza:

"Na jike je? Naye hana upweke?"

"Mwangalie."

Alikuwa amejinyoosha urefu wake wote chini ya taa. Hatukuwahi kumwona hivyo tangu mwenzake aletwe.

Wilbert alimwita Sirili fundi, banda likagawanywa kwa ukuta katikati, kila upande na taa yake. Siku hizi wageni wakiuliza kwa nini kila mmoja anakaa peke yake, Wilbert anamwita Mama Ezra. Nimemsikia mwenyewe akiwajibu, mikono bado ina maji:

"Huyu ameniomba joto, maji na mahali pa kujificha. Hajaniomba mwenza bado. Siku akiniomba, nitamletea."