Kabla ya Kumkatalia Mama Felista

Nakumbuka asubuhi niliyosikia kwamba Mama Felista ameomba leseni ya kuuza bia. Nilikuwa mlangoni nachambua kisamvu, hapa hapa mtaani kwetu Chuno, na jirani aliyeniletea habari alikuwa anacheka. Mimi sikucheka; nilikiweka kisamvu chini.

Mwanangu, umechaguliwa juzi tu kuwa mjumbe wa serikali ya mtaa, na nasikia maombi ya kwanza yaliyowekwa mbele yenu ni ya grosari, ya kuuza bia. Kaa kidogo nikusimulie. Yamo humu mambo ambayo hujapata kuyasikia kwangu.

Duka la Mama Felista lilitazamana na nyumba yetu. Alikuwa Mmakonde wa Newala, Mkristo, mcheshi. Mumewe alivuka Ruvuma kwenda Msumbiji kutafuta riziki, hakurudi, akamwachia watoto na lile duka la unga, sabuni na mafuta. Nilipojifungua dada yako Zuhura, yeye ndiye aliyenichemshia maji mpaka arobaini ikaisha. Sasa kule barabarani likafunguliwa duka kubwa, wateja wakamkimbia, akaona bia ndiyo itakayomwokoa. Simlaumu, hata leo.

Lakini baba yako, Mungu amrehemu, alikuwa mlevi. Usishtuke. Wewe ulimjua wa msikitini tu. Mimi nilimjua kabla. Alikuwa ameacha Ramadhani iliyotangulia, kwa taabu kubwa, na kila jioni akitoka bandarini alipita mbele ya lile duka. Pombe ya mbali alikuwa ameiweza. Ya mlangoni, niliona itamrudisha kule kule.

Nikaenda kwa Bi Somoe, somo yangu aliyenifunda nilipokuwa mwari. Mtaa mzima ulimheshimu. Nilimwomba asimame kwenye mkutano wa mtaa wa kuijadili ile leseni, awaambie watu wakatae, nami nikae kimya nyuma, Mama Felista asijue kwamba neno limetoka kwangu.

Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza, "Huyo mwenzio umeshamwambia?"

"Bado, somo. Naona haya."

"Mimi hilo silibebi. Alikuchemshia maji yule, halafu alisikie neno lako kwenye spika? Nenda ukamwambie mwenyewe, mwambie na sababu yako ya kweli. Mkutanoni utakuja baadaye."

Nilitoka pale nimekasirika kidogo, sikufichi. Lakini nilikwenda.

Nilimkuta anapima sukari. Nilisubiri mteja aondoke, nikamwambia, "Mama Felista, nitaikataa leseni yako. Si kwa sababu ya dini. Ni kwa ajili ya Baba Zuhura. Unajua alikotoka."

Alirudisha kijiko kwenye sukari. Kisha akasema, "Ungenijia kwa dini ningekuwa na la kukujibu. Umenijia kwa mumeo, nikujibu nini? Lakini wanangu nao watakula nini, Mama Zuhura?"

Nilirudi nyumbani nikalia.

Siku ya mkutano watu walijaa mbele ya ofisi ya mtaa. Mwenyekiti alieleza kwamba manispaa inataka maoni yetu kabla ya kuamua. Basi wakaanza. Mmoja akasema yule mwanamke arudi kwao bara. Mwingine akasema mwanamke asiye na mume akianza kuuza bia, hataishia kwenye bia. Watu wakacheka. Mama Felista alikuwa amekaa mbele, ameinamisha kichwa, anakunja na kukunjua pindo la kanga yake.

Nikasimama. Kabla sijafungua mdomo, baba yako akainuka upande wa wanaume.

"Mke wangu akae," akasema. "La kwangu nitalisema mimi. Leseni hii naikataa kwa sababu mimi ni mlevi niliyeacha juzi, na najijua. Lakini nyie mnaocheka, nilipokuwa naangushwa na pombe njiani, huyu mama ndiye aliyekuwa ananiokota na kumwita mke wangu. Hakunitangaza, ndiyo maana hamkupata kunicheka. Kataeni bia, msimtukane mtu."

Mwenyekiti akamtaka yule wa kwanza aombe radhi, akaomba kwa shingo upande. Maoni ya mtaa yakapelekwa kwenye kata, kisha manispaa, na leseni ikakataliwa. Akaambiwa kama anataka atafute eneo mbali na nyumba za watu. Hakutafuta.

Usidhani tulikumbatiana yakaisha. Kwa miezi salamu yake kwangu ilikuwa ya mdomoni tu. Mimi nikaendelea kununua kwake, hata unga, na Bi Somoe akawasukuma wanawake wenzake nao wanunue pale. Tumemzuia njia moja, alisema, hatuwezi kumfungia na nyingine. Polepole Mama Felista akaanza kukaanga samaki jioni, na watu wakafuata harufu. Siku moja akaniita kutoka ng'ambo, dukani kwake, "Mama Zuhura, mtoto kikohozi kimepungua?" Nikajua tumerudi.

Baba yako alifariki hajaionja pombe tena. Msibani, mwanamke wa kwanza kuingia ndani na kunishika mkono alikuwa yeye.

Basi, mwanangu, sikwambii ukubali wala ukatae hayo maombi. Hilo mtalitazama wenyewe, na nyumba zinazozunguka pale. Ninalokuomba ni kwamba kabla ya kuinua mkono, uende kwa mwombaji ukae naye, ujue kilichomsukuma. Ukikataa, mpe sababu yako ya kweli usoni pake. Usimwache mtu atukanwe mbele yako kwa kuwa tu ameomba. Na ukishamnyima, usimhame. Kazi yako kwake ndiyo kwanza imeanza.

Mungu akupe moyo mpana na ulimi usioumiza. Akujaalie majirani wa kukwambia kweli, na siku utakayokataliwa wewe, ukataliwe na watu wanaokupenda. Amin.